Sindano za homoni za tezi dume: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kurudi kwenye hali yako

Mi ni mzee wa Ujiji, miaka 67, mstaafu wa bandarini hapa Kigoma. Nilikutwa na saratani ya tezi dume, nikapigwa mionzi na juu yake sindano za homoni za tumboni miezi 18, na dozi ya mwisho imeisha mwaka na nusu sasa. Tangu nianze kuongea haya mambo waziwazi pale kijiweni simu yangu haipumziki, na karibu wote wanaanza hivihivi, shikamoo mzee, kuna rafiki yangu ana tatizo. Huyo rafiki namjua, hehe. Sasa nimechoka kurudia, nimeandika yote hapa. Siyo daktari mimi, niliyoyaandika ni yale niliyoelezwa kliniki, nikayasoma, alafu nikayaona mwilini mwangu mwenyewe.

Hivi hii sindano inafanya nini mpaka mwanaume mzima anakuwa kama nguo iliyofuliwa ikasahaulika juani?

Inazima testosteroni. Ndo homoni ya kiume, na saratani ya tezi dume inakula hiyohiyo, ukiikata chakula inasinyaa. Jambo hili siyo la jana, daktari mmoja wa Chicago anaitwa Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiondoa homoni ya kiume saratani hii inarudi nyuma, mwaka 1966 wakampa Nobel. Sindano zenyewe (kama Zoladex, ile ya kila siku 28 au ile kubwa ya kila wiki 12) zinaidanganya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iache kuziamrisha korodani kutengeneza homoni. Wiki ya kwanza mpaka ya pili homoni inapanda kwanza, ndo maana wengi wanaanzishiwa vidonge kabla, alafu inaporomoka. Kwenye kipimo cha damu (nanogramu kwa desilita) mwanaume wa kawaida yuko juu ya 300, wewe wanataka ushuke chini ya 50.

Sasa fikiria, testosteroni haikuwa ya chumbani tu. Ilikuwa inashika misuli, inashika mifupa, inasaidia kutengeneza damu, inaendesha hamu, inachangia usingizi na hata ile mashine ya kichwani inayopima joto la mwili. Ukizima hiyo swichi moja unazima taa za nyumba nzima. Ukielewa hapo, mengine yote huko chini yatakuingia.

Nikishamaliza sindano narudi lini kama zamani?

Hili ndo swali namba moja na ndo watu wanakosea sana. Mtu anapigwa sindano ya mwisho mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ananipigia analia eti mbona bado. Bado kwa sababu sindano ya miezi mitatu inafanya kazi miezi mitatu! Kuhesabu kunaanza pale dozi ya mwisho inapoisha nguvu, siyo siku uliyochomwa. Kwanza hapo hesabu yako isogeze mbele.

Baada ya hapo homoni inarudi polepole, wengi ni miezi 6 mpaka mwaka, wengine zaidi ya mwaka. Aliyechomwa miezi sita anawahi kuliko aliyechomwa miaka mitatu, na mwenye miaka 55 anawahi kuliko mwenye 75. Na kuna wazee, niseme ukweli, haiwarudii yote, inabaki chini maisha yao yote. Usikae unabahatisha, omba wakupime testosteroni pamoja na PSA (kile kipimo cha damu cha kufuatilia tezi dume), utajua umefika wapi.

Vitu havirudi kwa pamoja pia. Kwangu ule moto wa mwili (kuwaka ghafla na kutoka jasho, nimeueleza huko chini) ulianza kupungua kama mwezi wa nne baada ya dozi kuisha, usingizi ukafuata, nguvu ya kutembea ikaja baadaye, hamu ya mke ikawa karibu ya mwisho. Misuli hairudi yenyewe, inarudishwa. Mifupa ndo mzembe kuliko wote. Na kitu ambacho natamani ningeambiwa siku ya kwanza, kazi ya kupona inaanza siku unachomwa sindano ya kwanza siyo siku ya mwisho, mi nilikaa kwenye kiti miezi minane nasubiri "dawa iishe", nikapoteza misuli ambayo mpaka leo naitafuta.

Mimi sikuchomwa sindano, nilifanyiwa opareshen wakatoa korodani. Haya yananihusu?

Yanakuhusu yote kasoro kurudi kwa homoni. Opareshen ile ni ya mara moja, haina kurudi nyuma, na watu wengi wa huku wanaichagua kwa sababu huwi mtu wa kutafuta sindano na nauli kila baada ya miezi mitatu, siyo uamuzi wa kijinga hata kidogo. Ila ina maana mazoezi, mifupa, sukari na presha ni kazi yako ya kudumu. Moto wa mwili kwa wengi unapungua ukali kadiri miaka inavyoenda lakini kuna ambao unakaa nao muda mrefu.

Usiku naloa jasho mpaka shuka linakamuka, mchana ghafla nawaka uso. Ni malaria?

Aisee. Kigoma hii ukisema jasho na baridi kila mtu keshakuwa daktari, "hiyo malaria mzee". Mi nilimeza dawa ya mseto mara mbili ndani ya miezi miwili, zote bila kupimwa, duka moja la dawa waliniangalia tu usoni wakanifungia. Mara ya tatu nikaenda kupima, hamna kitu. Muuguzi akaniuliza mzee kuna dawa yoyote unatumia, nikamtajia sindano, akacheka kidogo akasema hiyo ni kama wanayopata kina mama wakikatika hedhi. Mke wangu alikuwa pembeni. Akaniangalia, akasema, "Karibu." Hilo neno moja tu, mpaka tunafika nyumbani.

Tofauti yake iko hivi. Moto wa homoni unakuja ghafla, kifuani unapanda shingoni mpaka usoni, dakika chache, jasho, alafu baridi inakushika kidogo, imeisha, na ukipima joto kwa kipimajoto utakuta kawaida. Malaria ina homa yenyewe, kichwa, viungo, mwili mzima unakataa. Lakini tunakaa kwenye mkoa wa malaria, ukiwa na homa ya kweli nenda ukapimwe, usije ukafa na malaria huku unasema mzee wa Ujiji kasema ni homoni.

Kilichonisaidia: beseni la maji chini ya kitanda na kanga kuukuu ndani yake. Ukiamka unawaka unaikamua unajifuta shingo na kifua unailaza begani, dakika mbili umepoa. Nilihamia mkekani juu ya sakafu ya simenti miezi ya joto ile kabla ya mvua. Chai ya moto sana, pilipili na pombe vinawasha moto kwa watu wengi, mi chai sikuacha ila naisubiri ipoe, jambo ambalo watu wa kwetu wanaliona kama dhambi. Na uandike siku kadhaa moto unakuja saa ngapi na ulikuwa umekula nini, utakuta una kichochezi chako mwenyewe ambacho hakimhusu mwingine.

Kuna dawa ya huo moto?

Zipo, za kuandikiwa na daktari. Kuna dawa za jamii ya zile za sonona kwa dozi ndogo, kuna gabapentini, kuna zenye homoni ya aina nyingine kama medroksiprogesteroni. Kila moja ina maudhi yake kwa hiyo ni kwa yule anayeamka mara tano usiku na maisha hayaendi, kama unapata mara mbili kwa siku kanga na beseni vinatosha. Unga wa soya wanaousifia sana mitandaoni, mi niliunywa uji wake mwezi mzima, ulishibisha. Basi.

Uchovu huu unaisha vipi? Nikipumzika ndo nazidi kuchoka.

Umejijibu. Uchovu wa homoni hauponi kwa kulala, unaponea kwenye mazoezi, na hilo siyo maneno ya kijiweni, ni kitu ambacho madaktari wa saratani wamekipima kwa wanaume wa sindano hizihizi. Wanasema dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa nguvu kidogo, ile ya kuongea unaweza ila kuimba huwezi, pamoja na mazoezi ya kubeba uzito siku mbili au tatu kwa wiki. Ya uzito ndo wazee tunayaruka, na ndo yenye kazi kubwa, maana kutembea peke yake hakurudishi misuli ya mapaja na mabega.

Gym ya nini? Mi nilianza na kiti cha plastiki na dumu. Kiti: unakaa, unasimama bila kushika kitu, unakaa tena. Siku ya kwanza nilisimama mara nne, ya tano nikashika meza, mjukuu wangu akadhani naigiza. Dumu la lita tano ukilijaza ni kilo tano, unalinyanyua kutoka chini mpaka usawa wa kiuno mara kumi kila mkono, ukizoea unaongeza, sa hivi nabeba la lita kumi. Kusukuma ukuta kama unataka kuuhamisha, mara kumi. Unapumzika, unarudia. Nusu saa imeisha umelowa jasho la halali.

Kutembea nilianza kutoka nyumbani mpaka kwenye miembe ya makumbusho ya Livingstone na kurudi, nikaongeza. Kile kilima cha kutoka stesheni kupanda Mwanga nilikikwepa karibu mwaka mzima, siku nilipokipanda bila kusimama nilimpigia simu mwanangu Dar kumtangazia, akafikiri kuna msiba.

Angalizo kubwa hapa. Kama saratani yako imefika kwenye mifupa usianze kunyanyua kitu kabla ya kumuuliza daktari, wewe mazoezi unayo ila ni ya kuchaguliwa, mfupa wenye uvimbe unaweza kuvunjika kwa kitu kidogo. Na kama uchovu umekuja na kuhema, mapigo kwenda mbio na viganja vyeupe, pima damu, sindano hizi zinashusha damu kidogo kwa wengi na kwa wachache inashuka kweli. Usijinunulie vidonge vya kuongeza damu bila kipimo.

Nasikia mifupa inaisha. Ni kweli au wanatutisha?

Kweli, na mwaka wa kwanza ndo inapungua haraka zaidi. Huumwi chochote, ndo ubaya wake, unajua siku umeteleza chooni ukavunjika nyonga. Kuna kipimo cha kupima uimara wa mifupa, hakipo kila hospitali, ukipewa rufaa kwenda Bugando kule Mwanza au Dar ulizia hukohuko usirudi bila kuuliza.

Kinachotakiwa ni kalisiamu kama miligramu 1000 mpaka 1200 kwa siku kutoka kwenye chakula na vitamini D. Na hapa sisi watu wa ziwa tumependelewa, dagaa wetu wanaliwa na mifupa yake yote, mtu wa bara analipia kidonge wewe unakula na ugali wa muhogo. Maziwa au mtindi ukiupata. Jua lipo bure, asubuhi kaa nje mikono wazi. Vidonge vya kalisiamu usijazie juu kiholela, vikizidi vinaleta mawe kwenye figo. Sigara acha, konyagi punguza, vyote vinakula mfupa.

Wengine wanapewa dripu ya kuimarisha mifupa, asidi ya zoledroni. Ukiwa unaipata au unakaribia kuipata mwambie daktari wa meno KABLA hajang'oa jino, kwa sababu dawa ile inaweza kufanya mfupa wa taya usipone. Meno mabovu yashughulikiwe kwanza dripu baadaye. Hilo watu wengi hawaambiwi, mi nililijua kwa bahati tu nikiwa kwenye benchi nasubiri namba.

Na nyumbani weka taa ya njiani usiku, toa kile kizulia kinachoteleza, chooni gongomea kipande cha bomba ukutani cha kushikia. Fundi wa mtaani anamaliza asubuhi moja.

Tumbo linakuwa kubwa na mikono inakuwa myembamba, chakula sijaongeza. Inakuwaje?

Misuli inaondoka mafuta yanakuja, yanakaa tumboni, mizani inaweza hata isionyeshe tofauti kubwa. Nyuma yake inakuja sukari, mafuta kwenye damu na presha, na moyo unaingia kwenye hatari. Mwambie daktari akupime sukari kabla hujala, presha na mafuta kila baada ya miezi michache hata kama hujisikii chochote. Kama ulikuwa na sukari tayari, sindano inaweza kuivuruga, ufuatilie kwa karibu.

Chakula, jamani, mawese. Najua nagusa kitu kitakatifu. Mawese mekundu yana vitamini A yake nzuri lakini ni mafuta mazito, na sisi hatuweki kijiko, tunamimina. Sombe (kisamvu) linaogelea. Sikuacha, ila mke wangu anapima vijiko viwili vya sufuria nzima na mimi nimekubali kwa shingo upande. Ugali nusu ya zamani, samaki na maharage zaidi, maana misuli inajengwa na hivyo, mboga nusu sahani. Migebuka ya kuchoma badala ya kukaanga. Soda nimeacha kabisa, hiyo haikuniuma.

Mzee, lile jambo lenyewe... linarudi?

Sawa tuongee kiume.

Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Hamu ni kimoja, kusimama ni kingine. Sindano inaua hamu kwanza, hutamani kabisa, unamuona mke wako kama unavyoona jirani mwema. Kusimama kunafuata, na hata zile za alfajiri zinakata. Dawa kama sildenafili (ile ya Viagra) zinaweza kusaidia kusimama kwa baadhi yetu lakini hazileti hamu, kwa hiyo mtu anameza anakaa anasubiri muujiza haoni, anasema dawa feki. Dawa siyo feki, hamna aliyeiwashia gari.

Homoni ikirudi hamu inarudi nyuma yake, mara nyingi miezi kadhaa baadaye. Lakini kama ulipigwa mionzi au ulifanyiwa upasuaji wa tezi, mishipa yenyewe nayo iliguswa, sehemu hiyo haitibiwi na homoni kurudi, inahitaji daktari, kuna vidonge, kuna pampu ya kuvuta, kuna sindano za kuchoma kwenye uume wenyewe. Vitu vinaweza pia kupungua ukubwa kwa sababu ya kukaa muda mrefu bila kutumika, ulizia mapema kuhusu pampu usisubiri miaka miwili.

Sasa vumbi la Kongo, ule unga wa kuongeza nguvu za kiume. Ng'ambo ya ziwa ni palepale tu, kwa hiyo kila mtu ana rafiki mwenye rafiki Kalemie. Nililetewa kipakiti kwenye gazeti, unga wa kahawia, mletaji ananikonyeza. Sikutumia. Hujui ndani kuna nini, na dawa nyingi za aina hii duniani zikipimwa maabara zinakutwa zimechanganywa na sildenafili kimyakimya. Kama wewe ni mgonjwa wa moyo unaweka kile kidonge chini ya ulimi, ukichanganya na hiyo presha inaweza kushuka mpaka ukazimika moja kwa moja. Vilevile kitu kinachodai kupandisha homoni ya kiume ndo kitu ambacho umekuwa ukilipia pesa kukishusha.

Ila nikwambie kilichotuokoa sisi. Siku moja nilimwambia mke wangu ukweli, kwamba siyo kwamba nina mtu nje na siyo kwamba simtaki, ni dawa. Miezi mitano alikuwa amekaa na wazo lake moyoni. Tangu hapo tunalala tumeshikana mikono kama wachumba na hatudaiani. Tukafika tulipofika kwa wakati wake.

Mimi ni mke wake. Siku hizi analia, anasahau, alafu anakuwa mkali kwa kitu kidogo. Nimfanyeje?

Dada yangu, siyo tabia mpya, ni homoni, japo haimaanishi uvumilie matusi. Mi nililia kwenye harusi ya mtoto wa jirani mpaka watu wakadhani namdai bwana harusi. Nilisahau jina la mtu niliyefanya naye kazi miaka ishirini. Inakuja na inapungua dawa ikitoka. Usingizi mbovu wa ule moto unaongeza nusu ya shida, ukiutibu moto na hasira zinashuka.

Msaidie kutembea, nendeni wote jioni, maneno yanatoka yenyewe mkiwa mnatembea kuliko mkikaa mnaangaliana. Kama wiki mbili zinapita hataki kula, hataki watu, anasema heri afe, hiyo ni sonona, inatibika, mpeleke hospitali useme wazi. Usimpeleke kwa mganga kwanza.

Matiti yanauma na yanakua.

Yanatokea zaidi kwa wanaotumia vidonge vya bikalutamidi (vya kuizuia homoni ya kiume isifanye kazi) peke yake, bila sindano. Wahi kusema mapema, kuna vidonge vya tamoksifeni na kuna mionzi kidogo ya kuzuia, vinafanya kazi vizuri kabla titi halijakua. Likishakua nyama yake huwa haiondoki yote hata dawa ikiisha. Na kama ni upande mmoja, gumu kama kokoto, linapimwa, mwanaume naye anapata saratani ya titi.

Naweza kufunga Ramadhani?

Ujiji lazima hili liulizwe. Mwenye sindano tu, sukari na presha ziko sawa, wengi wanafunga, ila ujaze maji usiku kwa sababu jasho linakukausha. Mwenye dawa za sukari aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama siyo siku ya tatu amezimia. Mwenye vidonge vya abirateroni (navyo ni vya saratani ya tezi dume) na prednisoloni inayoendana navyo, angalia sana, abirateroni inamezwa tumbo likiwa tupu na prednisoloni haikatwi ghafla, ratiba ipangwe na daktari. Dini imempa ruhusa mgonjwa, muulize na shekhe wako, usione aibu kula mchana.

PSA yangu imeshuka mpaka sifuri na kitu. Si niache tu sindano, zinanimaliza?

Imeshuka kwa sababu unachomwa. Usiache mwenyewe. Kuna wagonjwa wanapewa mapumziko, dawa inasimamishwa PSA inafuatiliwa ikipanda wanaanza tena, lakini siyo kwa kila mtu na uamuzi ni wa kule kliniki. Kaseme wazi kinachokumaliza ni kipi, mara nyingi hicho kimoja kinatibika bila kugusa sindano. Na tarehe za sindano zishike, safari ya Kasulu, Kibondo mpaka Nyakanazi ni ndefu, ipange siku mbili kabla. Bima ulizia mapema inalipia nini, nayo usiulizie dirishani siku ya sindano.

Ukishamaliza dozi na homoni ikianza kurudi, PSA inaweza kupanda kidogo kwa aliyepigwa mionzi na tezi yake bado ipo. Siyo lazima iwe saratani imerudi, wanaangalia inavyokwenda. Mi ilipanda kidogo, wiki tatu sikulala, kumbe ni homoni tu ilikuwa inarudi.

Kuna mtu ananiuzia sindano ya kuongeza testosteroni, nirudi haraka.

Hapana. Daktari wa saratani peke yake ndo anaweza kulifikiria hilo, kwa wachache sana, wakiwa wamefuatiliwa muda mrefu. Anayekuuzia gym hajui PSA yako.

Dalili gani siyo ya kusubiri?

Miguu kuishiwa nguvu au kufa ganzi ghafla, mgongo kuuma kwa namna mpya hasa usiku, mkojo kuziba au haja kutoka bila kujijua, hiyo ni hospitali saa hiyohiyo siyo kesho, inawezekana uti wa mgongo umebanwa na ukichelewa miguu hairudi. Maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mguu mmoja kuvimba na kuuma, vilevile. Chukua bajaji usimsubiri mtoto atoke kazini. Bodaboda na mgongo huo usipande.

Ndevu na nywele za mwilini zitarudi?

Kwa wengi zinarudi homoni ikirudi, polepole na zikiwa na mvi zaidi. Kinyozi wangu wa Mwanga alikuwa ananikata kichwa tu, kidevuni hamna kazi, bei akanipunguzia bila kusema kwa nini. Mwezi uliopita akapitisha mashine kidevuni, akasimama, akapapasa kwa kidole, akasema mzee leo ni bei kamili.